Mbao Mpya za Upande wa Barabarani

Bwana asifiwe. Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi wa pale mlangoni acheni kuzipapasa hizo mbao, hazikimbii, mtazikuta baada ya ibada.

Nimewaona leo tena, kama Jumapili zote tangu mbao hizi ziwekwe, mlivyokuwa mkiingia. Kila mtu akifika hapo nje anasimama kidogo, anautazama uso wa kanisa letu, anatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo anaingia. Hata baba mmoja, simtaji, nimemwona amerudi nyuma mpaka barabarani ili aone vizuri, nusura agongwe na pikipiki. Na kweli kanisa limependeza. Mbao zimepigwa randa zikalainika, vanishi inang'aa, zile mbao kuukuu za bluu zimetoka, na mpita njia sasa hawezi tena kuuliza kama hapa ni kanisa au ni ghala la viazi. Mimi nami nimefurahi. Ila furaha hiyo imenikumbusha habari ya mama mmoja aliyeipendezesha nyumba yake, na habari hiyo imeninyima raha wiki nzima. Afadhali niwape na ninyi, tugawane.

Jina la mama huyo silitaji. Nawajua. Nikilitaja tu, nusu yenu mtaacha kusikiliza muanze kuulizana ni wa ukoo gani na aliolewa na nani.

Mama huyo alikuwa mjane, akikaa kwenye milima ya baridi kama hii yetu, ambako asubuhi ya mwezi wa saba mtu anapumua mvuke kama birika. Nyumba yake ilikuwa ya mbao. Lakini niseme ukweli, mbao ni heshima tu, yalikuwa mabanzi. Banzi mnalijua, lile ganda la gogo linalotupwa pembeni ya kiwanda baada ya mbao nzuri kukatwa. Upande mmoja limenyooka, upande wa pili bado lina gome lake. Banzi halina adabu. Ukilipigilia karibu na mwenzake, huku yanagusana, kule yameachana, na katikati panabaki mwanya ambao upepo unaupita kama mtoto wa nyumbani. Marehemu mumewe aliyapigilia hayo mabanzi kwa mikono yake wakiwa vijana, akisema ni ya muda tu, miti yake ya msindano ikikua atayatoa na kuweka mbao za kweli. Miti ikakua. Yeye hakufika. Mama akabaki akiziba ile mianya kwa matambara, kwa vipande vya magunia, kwa karatasi za kalenda zilizokwisha mwaka wake.

Uso wa nyumba ulitazama barabara. Mgongo wake ulitazama bonde, na kutoka bondeni kulikuwa na njia nyembamba inayopanda katikati ya mianzi mpaka jikoni, kibanda kilichosimama peke yake nyuma ya nyumba. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na milango miwili. Na desturi yetu mnaijua bila kufundishwa. Mlango wa mbele ni wa wageni, ni wa mchungaji, ni wa mwenyekiti wa kijiji, ni wa watu wanaokuja kuposa. Mtoto wa nyumbani hapiti mbele. Mtoto wa nyumbani anatokea nyuma, anapita jikoni, anafunua sufuria kabla hajasalimia. Ninyi akina mama, siku mkiona mtoto mliyemzaa amesimama mlango wa mbele anabisha hodi, hamshtuki? Mnajua hapo kuna jambo.

Mama huyu alikuwa na watoto wawili, binti na kijana. Kijana ndiye aliyekuwa akipita nyuma kuliko watu wote. Alikuwa akiusukuma ule mlango kwa goti kwa sababu mikono yake ilikuwa na kuni au na maji, na mama akisikia goti hilo alijua sufuria ifunuliwe. Kisha kijana akakua, akakutana na ulanzi. Sina haja ya kuwaeleza pombe hiyo ya mianzi, hapa hakuna mgeni.

Siku waliyokuja watu kumposa binti, nyumba imefagiliwa, wazee wamekaa, mshenga ametoka nje kidogo kunawa, ndipo kijana akaingia. Hakupita nyuma. Siku hiyo ulanzi ulimpitisha mbele. Akaketi kwenye kiti cha mshenga, akanyoosha miguu, akaanza kuwauliza wageni wamekuja kununua dada yake au mbuzi. Mama akasimama. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka machoni. Akanyoosha mkono kuelekea mlango wa mbele, wageni wote wakisikia, akamwambia, "Toka. Na mlango huu usiukanyage tena maisha yako."

Kijana akainuka. Akamtazama mama yake kama mtu aliyeamka ghafla, akatoka. Mama akawageukia wageni akasema, "Samahanini, baba zangu. Karibuni chai."

Binti akaolewa, akaenda mjini na mumewe. Kijana hakurudi jioni hiyo, wala kesho yake, wala masika yaliyofuata.

Sasa wapendwa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama alimtamani mwanawe. Nasema alimtamani, sisemi alimkumbuka tu, maana kukumbuka ni kwa kichwa, na huyu mama alimtamani kwa mwili mzima. Alikuwa akisonga ugali wa watu wawili, akishamaliza anautazama, anauacha uliobaki kwenye sinia chini ya kawa. Sokoni akiona mgongo mpana umeinama kwenye viazi, miguu yake inamvuta kabla hajaiuliza. Anafika, mtu anageuka, siye. Anasema, "Samahani baba, nilidhani." Usiku upepo ukiusukuma ule mlango wa nyuma, mama anainuka kitandani, anakaa, anasikiliza goti. Ni upepo. Analala tena.

Na akawa akijiuliza, kwa nini haji? Yale maneno yake ya siku ile hakuyafikiria hata kidogo. Alikwisha kuyasahau, alikuwa ameyasema kwa hasira na hasira ilikwisha siku hiyohiyo. Anayesema husahau upesi, mnalijua hilo. Yeye aliifikiria nyumba. Alikumbuka jinsi watoto wenzake walivyomcheka kijana shuleni, wakiita nyumba yao kikapu kwa sababu ukisimama nje usiku unaona taa kwenye mianya yote. Akasema moyoni, mwanangu anaona haya. Mtu mzima kama yule arudi kulala kwenye kikapu?

Siku moja mfanyabiashara wa viazi akashusha magunia matupu mbele ya nyumba, akamwambia, "Mama, kijana wako nimemwona. Yuko kwenye mashamba ya chai, wilaya ya jirani. Ameacha pombe, amenenepa. Amesema mahindi yakishavunwa anakuja kukuona."

Mama aliingia ndani, akaketi kitandani, akalia mpaka akachoka, kisha akanawa uso, akatoka nje kuitazama nyumba yake. Akarudi nyuma mpaka barabarani, kama yule baba wa leo asubuhi.

Binti alipokuja kumsalimia akamkuta mama anazungumzia kuta tu, ugali unapoa. Binti akasema, "Mama, kama ni kubadilisha, weka mabati ya rangi. Ukishayapiga misumari umemaliza, hakuna cha kupaka oili kila kiangazi."

"Mvua ikipiga mabati mtu hasikii kitu," mama akasema. "Akiniita nje je?"

"Nani akuite, mama?"

Mama akatazama barabarani. Binti akainamisha macho, kwa sababu alimjua huyo wa kuita. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi tofali. Mume wangu atatusaidia. Tofali mbele tu, nyumba inaonekana ya kisasa."

"Tofali hatazijua. Atapita akidhani watu wengine wamehamia."

Mnaona akili ya mama? Anataka nyumba iwe mpya mpaka mwana asione haya, na iwe ileile mpaka mwana asipotee. Ndivyo alivyochagua mbao. Akasema ile misindano ya marehemu ikatwe, maana marehemu aliipandia hiyohiyo kazi.

Akamwita fundi. Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi na kesho nyingi, na hapa mafundi mlioko humu msinikunjie uso. Akija leo anasema kesho, na hiyo kesho haina tarehe. Lakini mbao zilipopasuliwa alisema neno moja la kweli. Alizigonga kwa kidole akasema, "Mama, hizi zinalia maji. Nikizipigilia sasa, zikikauka kila moja itajivuta kivyake, na wewe utarudi kwenye matambara yako."

Kwa hiyo zikapangwa chini ya upenu, vijiti katikati ya ubao na ubao ili upepo upite, zikakaa zikauke. Mama naye akakaa. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alienda kuinua ncha ya ubao wa juu apime uzito wake. Mahindi yalikuwa yanakauka shambani, mbao zinakauka upenuni, naye katikati hajui aombe kipi kitangulie. Kuna siku alishika ubao akauambia, kauka basi, mtoto anakuja. Jirani alimsikia akacheka. Mimi sicheki. Kuna waliomo humu wanaoongea na picha ukutani.

Hatimaye mbao zikawa nyepesi, na fundi, kwa neema ya Mungu, akatokea. Akang'oa mabanzi ya mbele, matambara yakadondoka pamoja nayo, magunia, kalenda za miaka iliyopita. Akaanza chini kupanda juu, kila ubao wa juu ukikalia kidogo mgongo wa ule wa chini, ili maji yateremke nje yasiingie ndani. Akapiga vanishi. Jioni ya jua, uso wa nyumba ile ulikuwa unang'aa kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Watu wakawa wanasimama barabarani. "Mama, nyumba imependeza." Naye anajibu, "Anakuja mwanangu." Hakuwa na jibu lingine.

Ukabaki upande wa nyuma. Huko ndiko mvua ya bondeni inakopigia. Fundi akaufungua mlango wa nyuma, akachomeka kidole kwenye fremu, kidole kikaingia kama kwenye uji.

"Fremu imekuwa unga, mama," akasema. "Niweke fremu mpya na mlango mpya, au niuzibe?"

"Mbao mpya zimebaki?"

"Zimebaki za kumalizia kona ya mbele. Nikizikata kwa ajili ya huku, kona ya mbele itabaki na mabanzi."

Mama akasimama pale mlangoni akafikiri. Kando ya mlango huo kulikuwa na chumba cha kijana. Alikwisha kukitandika, godoro limepigwa jua, blanketi jipya bado lina mikunjo ya dukani. Akaingia, akasimama kando ya kitanda, akausikia upepo wa bondeni unapita chini ya mlango na kuja moja kwa moja mpaka kwenye mto wa kulalia. Akaishika shuka. Ilikuwa ya baridi kama maji.

"Ziba," akasema. "Baridi isije ikampiga mwanangu."

"Na jikoni utapitia wapi?"

"Nitazunguka."

Hebu tusimame hapa kidogo, wapendwa. Kuna mtu humu anaweza kumlaumu mama huyu? Ameuziba mlango kwa chuki? Ameuziba kwa upendo. Amekubali yeye mwenyewe kuzunguka nyumba nzima na sufuria ya moto, mvua na jua, ili mwana alale pasipo baridi. Upendo gani unashinda huo?

Fundi akachagua mabanzi yaliyokuwa na nafuu katika yale yaliyong'olewa mbele, akayapigilia juu ya mlango, kutoka huku hadi kule, mpaka ukimwambia mtu kwamba hapo palikuwa na mlango atakubishia. Likabaki jiwe tu, lile la kukanyagia, limelala chini ya ukuta mtupu. Kisha akapaka upande wote wa nyuma oili chafu ya magari, kuzuia mchwa. Oili hiyo mnaijua, haikauki leo wala kesho. Akakusanya vyombo vyake akaenda zake.

Mahindi yakavunwa.

Mfanyabiashara wa viazi akamletea siku ya kijana kuja, na siku ile mama alipika mapema. Alizunguka na sufuria ya kuku, akazunguka na ugali, akazunguka na chai, akavipanga vyote sebuleni na kuvifunika. Akauzima moto wa jikoni, akafunga jiko. Akavaa kitenge chake cha sikukuu, akatoa kigoda, akaketi mbele, mgongo wake ukiegemea mbao mpya, macho barabarani. Wapita njia wakamsalimia. "Ameshafika, mama?" "Bado." Jua likashuka nyuma ya misindano. "Ameshafika?" "Bado, yuko njiani." Akaketi mpaka vidole vikafa ganzi. Kila aliyetokea kwenye kona alikuwa yeye, mpaka alipokaribia. Baridi ilipomshinda akaingia ndani, akaacha taa inawaka dirishani upande wa barabara. Kuku akala yeye? Hakula.

Asubuhi akachukua ndoo, akazunguka kwenda jikoni, na alipofika nyuma ya nyumba ndoo ikamtoka mkononi.

Juu ya lile jiwe kulikuwa na mfuko wa majani ya chai. Chai nzuri, ile isiyouzwa kwenye maduka yetu, imefungwa vizuri kwa kamba. Na ukutani, kwenye ile oili mbichi, kulikuwa na viganja. Viganja vya mtu mzima, kimoja hapa, kingine pale, vimeteleza kutafuta. Vimepapasa mahali palipokuwa na komeo. Vimeshuka chini. Na chini, urefu wa goti, palikuwa na alama ya duara, oili imefutika, mahali ambapo mtu amesukuma ukuta kwa goti lake.

Mama akaweka mkono wake juu ya kile kiganja kikubwa. Mkono wake ukaenea wote ndani yake, ukabaki na nafasi.

Akateremka bondeni mbio, kitenge kimemfunguka, mpaka kwa jirani anayekaa karibu na kijito. Jirani alikuwa anakamua. Alipomwona tu akaacha kukamua.

"Nilikuwa nakuja kwako," jirani akasema. "Nilimkuta jana magharibi, mimi natoka kukata majani ya ng'ombe, yeye anateremka kwenye mianzi. Nikamwambia, mwanangu, mbona unarudi, hukumkuta mama?"

"Akasema nini?"

"Akasema, shangazi, mlango wetu umezibwa. Nikamwambia zunguka mbele, mama yako amekaa huko tangu mchana anakusubiri. Akasema, mbele alikwisha kuniambia nisikanyage."

Mama akashika mdomo. Pale ndipo maneno yake yalipomrudia, yote, na sauti yake mwenyewe, na nyuso za wale wageni.

"Nikamshika mkono, mama, wallahi tena mimi Mkristo naapa. Nikamwambia twende wote. Akautoa mkono wake polepole, ulikuwa na oili. Akasema, shangazi, mbele alinikataza kwa mdomo, nyuma amenikataza kwa misumari. Mtu anaambiwa mara ngapi?"

Nawauliza ninyi, wapendwa. Mtu anaambiwa mara ngapi?

Mama akapanda kilima. Hakulia njiani. Akaingia ndani, akatoa chini ya kitanda nyundo ya marehemu mumewe, ile yenye meno ya kung'olea misumari, akazunguka nyuma. Akaanza kung'oa. Banzi la kwanza lilipiga kelele kama kitu chenye roho. La pili likapasuka katikati. Oili ikamlowesha mpaka viwiko, kitenge cha sikukuu kikaharibika, misumari ikamkwaruza, naye hakusimama mpaka ule mlango wa zamani ukaonekana, umeinama kwenye fremu yake iliyooza. Akausukuma kwa goti. Ukafunguka.

Upepo wa bondeni ukaingia, ukapita kwenye chumba, ukalitikisa lile blanketi jipya. Mama akasema, "Ingia. Afadhali wewe."

Nyumba ile ukiiona leo, mbele inang'aa na nyuma ina shimo lenye mlango usiofungika. Watu bado wanasimama barabarani kuisifu. Yeye haketi tena mbele. Kigoda chake kiko jikoni, na moto wa jikoni hauzimwi. Amemtuma yule mfanyabiashara wa viazi na neno moja tu, "Mwambie nyuma ni wazi." Na usiku upepo ukisukuma mlango anainuka, anakaa, anasikiliza.

Naona nyuso zenu. Mnataka niwaambie kijana alirudi. Mnataka twende nyumbani tukiwa tumefurahi, tukale viazi vyetu. Habari hiyo sina, wapendwa. Mimi nina neno lingine, na si la nyumba ile.

Geukeni. Ndiyo, ninyi nyote, geukeni mtazame nyuma yenu. Wazee msiogope kuumia shingo, Mungu anaona.

Ule ukuta nyuma ya benchi la mwisho. Mbao zake mbona zina rangi ya bluu? Si zile zile mbao za mbele, tulizozing'oa tulipoweka mpya? Na nyuma ya hizo mbao kulikuwa na nini?

Kulikuwa na mlango.

Nani alikuwa akipita mlango ule? Si mimi, mimi napita mbele na joho langu. Si baraza la wazee, si kwaya. Alipita yule kaka anayenuka ulanzi, akisubiri tumeshaanza wimbo wa kwanza ili asigeukiwe na mtu. Alipita yule binti tuliyemtenga kwa sababu ya mimba, akija na mtoto mgongoni, akikaa benchi la mwisho, akitoka kabla hatujamaliza kuitikia amina. Alipita yule baba aliyekimbia mke na sasa hajui aanzie wapi kurudi. Mbele tulikwisha kuwaambia. Tuliwaambia kwa midomo, wengine tukawatangazia hapahapa, mbele ya watu wote. Wakabaki na mlango wa nyuma.

Tulipovika kanisa mbao mpya, tukasema upepo wa nyuma unawapiga wazee wetu migongo. Tukasema, ziba. Hatukuziba kwa chuki. Tuliziba kwa upendo, kama yule mama. Na tangu hapo benchi la mwisho liko tupu, na sisi, mnisamehe nikisema, tulifurahi. Nilisikia mtu anasema hapo nje, siku hizi washarika wetu wanawahi ibada, hakuna tena wachelewaji.

Hawawahi, wapendwa. Hawaji.

Sisi tunaimba kila Jumapili kwamba tunawangoja. Tunafunga na kuomba kwa ajili yao. Tunawataja kwa majina kwenye sala, sauti zinatetemeka, na ni kweli tunawatamani, sisemi tunaigiza. Yule mama naye alitamani kweli. Alikaa mbele mpaka vidole vikafa ganzi, na mwanawe alikuwa nyuma yake, ng'ambo ya ukuta mmoja, anapapasa. Je, ni Jumapili ngapi tumeimba hapa kwa sauti zote nne, na mtu amesimama pale bondeni, nyuma ya mbao za bluu, anatusikia, anatafuta komeo?

Na wewe unayejiona mtu wa mlango wa mbele, nikuulize. Kwa Mungu uliingia wapi? Ulibisha hodi kama mshenga, ukakaribishwa kiti? Mimi simjui hata mmoja wetu aliyeingia hivyo. Sote tulipandia nyuma, tumechafuka, tumechelewa, tukasukuma kwa goti, na kulikuwa wazi.

Hii hapa nyundo. Imekuwa chini ya mimbari tangu asubuhi, ina meno ya kung'olea. Nimewaomba wazee wa kanisa waniruhusu, wamekubali, ingawa mmoja alisema tutapata baridi. Tutapata, ndiyo. Tutavaa masweta.

Simameni. Wenye mikono yenye nguvu wanifuate nyuma. Leo hakuna atakayetoka kwa mlango wa mbele, na baraka nitaitoa kule nje, upande wa bondeni.